Okidi ya Marehemu Mama Watoto Ilivyochanua Tena



Wale mliofika kwangu hapa Southsea, Portsmouth, siku ya Idi iliyopita mlikiona chungu cha maua juu ya meza ya cherehani, mkaniuliza nimefanyaje hata kikachanua. Siku ile nyumba ilijaa watu na sikupata nafasi ya kujibu sawasawa. Basi nimeona niandike humu, ili kila nyumba ipate nakala yake.

Okidi ni jamii kubwa ya mimea, na sisi tuliotoka Unguja tunaijua mmoja wao tangu utotoni, kwani vanila ya mashambani kwetu nayo ni okidi. Hii ya kwangu huitwa okidi ya johari. Okidi nyingi hupandwa kwa ajili ya maua, lakini hii watu huipenda kwa majani yake. Jani lake ni kama mahameli, rangi yake ni damu ya mzee inayokaribia weusi, na mishipa ya rangi ya waridi imepita kwa urefu wake ikimeta kama uzi wa zari. Wataalamu huiita Ludisia discolor. Vitabu vya zamani viliiita Haemaria, jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya damu. Kwao ni misitu ya kusini mwa China na nchi za Vietnam, Thailand, Malaysia na Indonesia. Okidi nyingi za nchi za joto hukaa juu ya miti, lakini hii hutambaa chini, katika majani yaliyooza, penye kivuli na unyevu.

Marehemu mama watoto alipewa kipande chake na jirani yetu, bibi mmoja wa Kiingereza, mwaka 2011. Alikiweka katika chumba chake cha kushonea, dirisha la mashariki, na kila mwaka baada ya Krismasi kilichanua. Mimi sikuwa na habari nacho. Kazi yangu ilikuwa kusifu tu.

Mama watoto alifariki mwezi wa Oktoba 2018, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya arobaini nilikifunga chumba kile, nikazima na hita yake. Chungu nikakihamishia sebuleni, karibu na kiti changu, juu kidogo ya hita. Nilitaka kiwe mbele ya macho yangu. Nilikimwagilia kila siku baada ya sala ya alfajiri, maji ya bomba, nikiona kwamba huo ndio uaminifu.

Ulikuja mwaka 2019, halafu 2020, halafu 2021, hata tumba moja sikuliona. Mashina yalirefuka yakawa membamba, majani ya chini yakadondoka, na mashina mawili yakaoza kabisa. Binti yangu wa pili alipokuja kutoka London aliniambia kwa upole, "Baba, mmea huu umekufa. Niruhusu nikununulie mwingine." Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili, na baadaye ilinibidi nimpigie simu kumtaka radhi.

Mwezi wa Septemba 2021 yule jirani alikuja kunywa chai. Aliutazama mmea, akaigusa hita, akaitazama taa iliyokuwa karibu na kiti. Akaniuliza, "Mwalimu, taa hii unaizima saa ngapi?" Nikamwambia kweli, kwamba tangu msiba usingizi ulinipotea, na aghlabu taa huwaka hadi saa nane za usiku. Akasema, "Basi na mmea wako haulali. Mkeo aliuweka wapi?"

Siku ile ile nilikifungua chumba cha kushonea. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya cherehani, na kitambaa alichokuwa akikishona kilikuwa bado chini ya sindano. Nilikaa mle muda, kisha nikapangusa vumbi, nikakirudisha chungu mahali pake.

Nimefundisha jografia miaka mingi, kwa hiyo nilitundika kipimajoto na kufungua daftari. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, usiku. Sebuleni kwangu joto halikushuka chini ya digrii 22 za Selsiasi, usiku wala mchana. Katika chumba kile, kuanzia mwisho wa Septemba, mchana ulikuwa kama digrii 19 au 20, na usiku 15 au 16. Baridi hii ndogo, pamoja na siku zinazofupika na giza lisilokatizwa na taa, ndiyo iliyouambia mmea kwamba wakati wa kuchanua unakaribia. Lakini msipitilize, kwani chini ya digrii 10 unaweza kudhurika.

Pili, mwangaza. Watu husikia kwamba ni mmea wa kivulini, wakauficha pembeni. Kivulini utaishi, ila hautachanua. Upeni dirisha la mashariki lenye jua dogo la asubuhi. Jua kali la mchana hulififisha jani.

Tatu, maji. Ngojeni udongo wa juu uanze kukauka, ndipo mmwagilie mpaka maji yatoke chini, na msiyaache yakituama sahanini. Maji ya bomba ya hapa Portsmouth yana chokaa nyingi, kwa hiyo mimi hukinga ya mvua. Nimepanda katika mboji nyepesi iliyochanganywa na vipande vya magamba ya msonobari, ili mizizi ipate hewa. Mbolea naitia robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kila wiki mbili, kuanzia Aprili hadi Septemba.

Nne, na hili ndilo lililonichelewesha. Shina lililokwisha kuchanua halichanui tena kwenye ncha ile. Maua hutoka katika machipukizi mapya. Mimi nilikuwa nayalinda mashina ya zamani kwa sababu yeye ndiye aliyeyaotesha. Jirani aliniambia niyakate. Mkono ulikuwa mzito, lakini niliyakata, kila kipande kikiwa na pingili mbili au tatu, nikavilaza juu ya mboji yenye unyevu. Baada ya wiki chache vilitoa mizizi.

Majira ya baridi ya kwanza hayakuleta ua. Nilisikitika, ila sikukihamisha chungu. Mwaka 2022 machipukizi mapya yalinenepa, na mwisho wa Novemba nikaona katikati ya majani ya juu kitu kama kidole, chenye vinyweleo. Jani jipya hutoka likiwa limejikunja; hiki hakikujikunja, kiliendelea kupanda. Tarehe 27 Januari 2023 ua la kwanza lilifunguka: jeupe, dogo, lenye manjano katikati na limepinda kidogo upande mmoja. Yalifuata mengine, na kikonyo kilidumu na maua zaidi ya mwezi. Tangu hapo halijakosa mwaka hata mmoja, alhamdulillahi.

Nilimpigia simu binti yangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakusema kitu kwa muda, kisha akauliza, "Chumba cha Mama umekifungua?" Nikamwambia ndiyo. Juma lililofuata alikuja na mwanawe, na mjukuu wangu huyo ndiye aliyekimalizia kile kitambaa kilichobaki chini ya sindano. Sasa cherehani ni yake.

Taa ya sebuleni siku hizi naizima saa nne.

Nina vikombe tisa vyenye vipande vilivyokwisha kutoa mizizi. Anayetaka aje na kisanduku kidogo na gazeti la kufungia, na asije siku ya baridi kali. Natumaini siku moja kila nyumba yetu itakuwa na kipande cha mmea wa Bi. Mkubwa, nanyi mkiuona umechanua, mumwombee dua.

Wabillahi tawfiq.