Kijito cha Kikuyu: Asili Yake na Wajibu wa Mtumiaji wa Maji

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba hapo kale tembo alikuja kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akazama kwenye tope asiweze kujinasua. Walioona tukio hilo walisema “Idodomya”, yaani mahali alipozama, na humo ndimo lilimotoka jina la Dodoma. Lipo pia simulizi la ng’ombe walioibwa, wakachinjwa na kuliwa, kisha mikia yao ikachomekwa matopeni ili wenyewe wadhani mifugo imezama. Masimulizi yote mawili yanakubaliana katika jambo moja: palikuwa na tope, na penye tope pana maji. Jina la Kikuyu nalo latokana na mikuyu iliyoota kandokando ya kijito hicho.

Kwa nini kijito hukauka?

Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo mito mingi ya Ugogo hutiririka kwa muda mfupi, kisha hubaki mchanga mtupu. Hata hivyo, mto wa mchanga si mto uliokufa. Sehemu ya maji hubaki chini ya mchanga, na ndiyo maana tangu zamani wenyeji walichimba visima mtoni wakati wa kiangazi.

Umuhimu wa mvua kubwa umethibitishwa katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, viliko visima vya Mzakwe vinavyotegemewa na wakazi wengi. Kumbukumbu za kina cha maji za mwaka 1955 hadi 2010 zinaonesha kwamba misimu saba tu yenye mvua nyingi zaidi ilichangia asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia ardhini. Maji tunayotumia leo, basi, huenda ni akiba ya mvua ya miaka mingi iliyopita.

Mji ulipokua

Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji; ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179. Kila paa na kila ua uliosakafiwa huzuia mvua kuingia ardhini. Maji hukimbilia korongoni kwa pamoja, hubomoa kingo, hubeba udongo na kufurika majumbani. Korongo likijazwa taka, mafuriko huzidi. Likipokea majitaka, visima vifupi vya jirani huchafuka.

Je, ardhi iliyoharibika yaweza kupona?

Yaweza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililomomonyoka vibaya, na baada ya miaka kadhaa nyasi na miti ilirejea. Hatua hiyo iliwagharimu sana wafugaji, waliolazimika kuhamisha mifugo yao. Funzo lake ni kwamba kuzuia uharibifu ni rahisi kuliko kuuponya.

Mambo ya kuzingatia

1. Kabla ya kununua kiwanja karibu na korongo, hakikisha mipaka yake katika ofisi ya ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukavu wa korongo mwezi Septemba usikudanganye. Lipime kwa alama za maji ya masika.

2. Usifungulie shimo la choo wakati wa mvua ili maji yalichukue. Tumia gari la kunyonya majitaka lenye kibali, na uulize litakakomwaga.

3. Usielekeze maji ya paa kwenye bomba la majitaka, kwani litazibuka na kufurikia mtaani. Yakinge kwenye tangi au yaongoze bustanini.

4. Ukitaka kuchimba kisima kirefu, omba kwanza kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

5. Usinunue mchanga uliochimbwa kwenye kingo za korongo bila kibali. Unafuu wa bei hulipwa na jirani ambaye ukuta wake utaanguka.

6. Tunza mikuyu na miti mingine iliyobaki ukingoni. Mizizi yake hushika udongo na kupunguza kasi ya maji.

Maji ya kijito hiki hayaishii Kikuyu. Baadhi ya mito ya Dodoma huungana na Kinyasungwe, kisha Wami, hadi Bahari ya Hindi. Unachokitupa korongoni leo kitamfikia mwenzako wa chini, naye pia ni mtumiaji wa maji kama wewe.