Kaunti Iliyofunga Shule Zake

Septemba 1959, watoto wa kaunti ya Prince Edward, jimboni Virginia, Marekani, hawakuwa na shule ya umma ya kurudi. Hapakuwa na vita wala tauni. Madiwani walikuwa wamekataa kutenga fedha za elimu, na shule zikakaa zimefungwa kwa miaka mitano.

Mzizi wa jambo hili ni hukumu ya Brown ya Mei 17, 1954. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi zao kunavunja Katiba. Hukumu hiyo ilijumuisha kesi tano, mojawapo ikitoka humo humo Prince Edward. Huko, mwaka 1951, Barbara Johns, msichana wa miaka 16, aliongoza mgomo wa wanafunzi weusi waliochoka kusomea kwenye mabanda yaliyofunikwa karatasi za lami.

Lakini mahakama haikutaja tarehe ya mwisho ya utekelezaji, na wanasiasa wakaitumia nafasi hiyo. Seneta Harry Byrd wa Virginia alihimiza upinzani wa pamoja. Mwaka 1956 wabunge na maseneta 101 wa Kusini walitia sahihi tamko la kuipinga hukumu. Virginia ikatunga sheria za kufunga shule yoyote itakayochanganya wanafunzi, na mwaka 1958 Gavana Lindsay Almond akafunga shule kadhaa Norfolk na Charlottesville. Januari 1959 mahakama zikazibatilisha sheria hizo.

Hapo ndipo Prince Edward ilipopata ujanja wake: badala ya kufunga shule kwa amri, ilizinyima bajeti. Watoto weupe walifunguliwa shule binafsi, na wazazi wao wakasaidiwa karo kwa fedha za umma. Watoto weusi walibaki nyumbani. Baadhi walipelekwa kwa ndugu wa mbali, wengine wakafundishwa makanisani, na wapo ambao hawakurudi tena darasani.

Mei 1964, katika kesi ya Griffin, Mahakama ya Juu ilisema kaunti inaweza kulazimishwa hata kutoza kodi ili shule zifunguliwe. Zikafunguliwa mwaka huo. Mtoto aliyestahili kuanza darasa la kwanza mwaka 1959 alikuwa tayari na miaka kumi na moja.

Ubaguzi huu haukuhitaji rungu wala mbwa wa polisi. Ulipita kwenye kikao halali, kwa kura za madiwani. Ndiyo maana anayetaka kujua kama haki imemfikia mwananchi, akishasoma hukumu, asome na bajeti.