Kabla ya Kuhesabu Gia, Tazama Fremu

Baiskeli ya gia ikisimamishwa mbele ya mnunuzi pale njia panda ya Usagara, swali la kwanza huwa ni gia ngapi. La pili bei. La tatu, kama shoki zinabonyea. Fremu haiulizwi; rangi ikiwa inang'aa, pesa inahesabiwa. Wakati huohuo gia, tairi, breki, hata uma wa mbele, vyote vinaweza kubadilishwa kesho kwa fundi yeyote wa chini ya mti. Fremu ndiyo utakayokaa nayo.

Ugumu wetu sisi wa Usukumani ni kwamba baiskeli ya mlima haikuundwa kwa kazi tunayoipa. Ilizaliwa Marin, California, miaka ya 1970, mikononi mwa vijana waliokuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za Schwinn. Mashindano yao yaliyoitwa Repack yalianza Oktoba 1976, na mwaka uliofuata Joe Breeze akaunda fremu yake ya kwanza mahususi kwa mchezo huo. Mtu mmoja, mgongoni hana kitu, anashuka kwa kasi. Fremu ya ukoo huohuo ikifika Misungwi kwa njia ya mtumba inafungwa keria, na juu ya keria yanapanda madumu mawili ya maji ya lita 20, au gunia la mkaa, au kreti la samaki. Madumu hayo mawili peke yake ni kilo 40, na hatujamhesabu mtoto aliyekaa kwenye bomba la juu.

Kwa hiyo chukua futi ya fundi cherehani upime kitu ambacho muuzaji hatakutajia: umbali kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi katikati ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Kwenye fremu nyingi za mlima utapata sentimita 42 hadi 45. Ufupi huo ni raha kwa anayeruka mawe, kwani baiskeli inageuka upesi. Kwa mbeba mzigo ni taabu. Keria inalazimika kusukumwa nyuma ili visigino visigonge madumu, na uzito unahamia nyuma ya ekseli. Kwenye tambarare ya Usagara hutaona tatizo. Ingia mjini Mwanza, anza kupanda kuelekea Bugando au Isamilo, na gurudumu la mbele litaanza kunyanyuka, usukani uwe mwepesi mkononi, baiskeli iyumbe kama mlevi. Wazee waliopanda Phoenix, au Swala zilizokuwa zikitengenezwa na NABICO Dar es Salaam, hawakuwa wajinga kuzipenda: zile zina mkia mrefu, na mzigo unakaa karibu na ekseli badala ya kuning'inia nyuma yake.

Jambo hili hata wakubwa wa fani walilitambua. Tom Ritchey, mmoja wa waasisi wa baiskeli ya mlima, alifika Rwanda mwaka 2005, akawaona wakulima wa kahawa wakihangaika na magunia kwenye baiskeli zisizofaa. Hakuwapelekea fremu za mashindano. Alichora nyingine, ya chuma, yenye sehemu ya nyuma iliyorefushwa ili magunia yakae chini na mbele zaidi. Huko Kisumu, kwenye ziwa letu hilihili, huunganishwa baiskeli za Buffalo za shirika la World Bicycle Relief: fremu nzito ya chuma, magurudumu ya inchi 26, keria ya kubeba kilo 100, na katika umbo lake la asili haina gia hata moja. Sisemi kila mtu anunue kitu cha namna hiyo. Lakini ukikuta fremu mbili za mlima zinazolingana kwa mengine yote, na unajua utabeba mzigo, chukua yenye mkia mrefu, hata kama ile nyingine ina gia nyingi zaidi.

Sasa madini. Alumini ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma, lakini ugumu wake wa kukataa kupinda nao ni kama theluthi moja. Ndiyo maana mabomba ya fremu ya alumini hufanywa manene: unene wa bomba unafidia ulegevu wa madini. Ukitaka uhakika, beba sumaku ya spika mbovu. Ikinata, ni chuma. Ikidondoka, karibu mara zote ni alumini. Chuma chenyewe kina madaraja. Kile cha kawaida ni kizito na cha bei nafuu. Kromoli ni imara zaidi, hivyo mabomba yake huweza kufanywa membamba na mepesi, na mara nyingi namba 4130 imeandikwa kwenye stika karibu na kiti. Kaboni niiache; anayeitafuta hasomi makala hii kwa ajili ya kubeba madumu.

Swali langu mimi kuhusu madini ni moja: ikikatika nje ya mji, nani ataiunga? Chuma kikivunjika, fundi mwenye mtungi wa gesi atakiunga kwa shaba au kwa kukichomelea, na jioni unarudi kazini. Alumini ni hadithi nyingine. Fremu ya alumini ya daraja la 6061 ikishaunganishwa kiwandani huingizwa kwenye tanuru la joto linalozidi nyuzi 500, hupozwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa joto dogo ili irudishe nguvu. Fundi wa barabarani hana tanuru. Hata akiwa hodari na akaunga vizuri, sehemu inayozunguka kiungo inabaki laini, na itakatika tena pembeni mwa alipochomelea. Zaidi ya hapo, alumini huchoka. Chuma kikitikiswa chini ya kiwango fulani cha nguvu kinaweza kuvumilia miaka na miaka. Alumini hujumlisha kila mtikisiko, hata mdogo, na barabara zetu za changarawe zenye mawimbi hazina uhaba wa mitikisiko. Kwa bei ileile, mimi ningechukua fremu ya kromoli ya mtumba ya miaka ya 1990 iliyochubuka rangi, niiache ile mpya ya alumini yenye shoki ya katikati. Shoki hiyo, kwenye baiskeli za bei ya chini, inakula nguvu za miguu kila unapokanyaga, bushi zake zinaliwa na vumbi, na keria haina mahali pa maana pa kufungwa.

Anayeishi mjini na kupita lami atafika mbali kwa fremu yoyote iliyo nzima. Hata Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, ni kilomita 3 za lami safi. Ukiacha lami ndipo udongo unapoamua. Msukuma anajua tofauti ya luseni na mbuga bila kufundishwa. Mchanga wa luseni unataka tairi pana, la inchi 2 au zaidi, lisizame. Udongo mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha, unajikunja kwenye tairi na kujaa pale mabomba mawili ya nyuma yanapokutana karibu na pedali, mpaka gurudumu linakwama kabisa. Chomeka kidole kati ya tairi na bomba, kila upande. Kisipopita, baiskeli hiyo utaibeba begani Aprili yote.

Fremu pia ndiyo inayokuamulia ukubwa wa gurudumu, na hapa namba zinadanganya. Rimu ya baiskeli ya mlima ya inchi 26 ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokaa, ya 27.5 ni 584; ya 29 ni 622. Na ile 28 ya Phoenix? Milimita 635. Naam, 28 yetu ya zamani ni kubwa kuliko 29 ya kisasa, kwa hiyo usikubali kuambiwa matairi yataingiliana. Kabla ya kupenda fremu ya 27.5 pita kwanza madukani Usagara na Makoroboi, mjini Mwanza, uulize tairi na tyubu zake.

Ukubwa wa fremu yenyewe hauhitaji hesabu. Simama wima, umevuka bomba la juu, viatu ulivyozoea miguuni. Kati yako na bomba pabaki angalau sentimita 5, kwa sababu siku ukiteleza kwenye mawe utalishukia. Kiti kinaweza kupandishwa. Bomba haliwezi kushushwa. Mama anayepanda na kanga atafute fremu ya bomba la kushuka, na aepuke kuipakia sana, maana umbo hilo hujipinda upesi kuliko la pembetatu kamili.

Kwa mtumba, igeuze baiskeli miguu juu. Tazama chini ya shingo, pale bomba la juu na la chini yanapoungana nayo: rangi iliyojikunja au kupasuka kama nywele ni ishara ya kugonga kwa mbele. Jaribu kuchomoa nguzo ya kiti. Isipotoka, kutu imekwishaingia. Mwisho chukua uzi. Ufunge upande mmoja wa ekseli ya nyuma, uupitishe kwenye shingo, uurudishe upande wa pili, uukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikitofautiana milimita mbili au tatu na fremu ni ya chuma, fundi mzoefu ataipinda ikiwa baridi mpaka inyooke, nawe una sababu ya kupunguziwa bei. Ikiwa ni ya alumini, mrudishie mwenyewe.