Kutoka Rhonda hadi Kilifi: kupanga chaguo za chuo kabla ya kufika saiba

Matokeo ya KCSE yakishatoka na KUCCPS ikafungua mtandao wake, saiba za mtaa wa Rhonda, Nakuru, hupata wateja wa aina moja. Ni vijana waliomaliza kidato cha nne, wamebeba namba ya mtihani na shilingi 1,500 za ada ya maombi, na nyuma yao amesimama mama au mjomba aliyeacha kibarua kwa saa mbili. Mwenye saiba huuliza, "Tukujazie nini?" Jibu hutoka kwa dakika kumi, mara nyingi likiwa ni jina la kozi ambayo jirani aliisifu. Kozi yenyewe itakaliwa miaka minne.

Kwa nini habari ya Rhonda katika ukurasa wa Pwani? Kwa sababu watoto wa huko wanakuja kwetu. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na TUM hapa Mombasa hupokea wanafunzi wa Bonde la Ufa, kama ambavyo Egerton kule Njoro hupokea watoto wa Kisauni, Malindi na Kwale. Isitoshe, hesabu anayoipiga mzazi wa Rhonda ni ile ile ya mzazi wa Bangladesh ya Mikindani au Kisumu Ndogo ya Malindi: mtoto wa kwanza wa nyumba kufika chuo, pesa za kubahatisha, na hakuna mtu wa karibu aliyewahi kupita njia hiyo akaweza kumwelekeza.

Tuanze na fomu. KUCCPS ilizaliwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, ikachukua kazi iliyokuwa ya bodi ya zamani ya JAB. Siku hizi mwanafunzi huomba akiwa tayari ana matokeo yake, na hilo ni jambo jema, maana wazee wake walijaza wakiwa bado darasani kwa kukisia. Kwa shahada, kiwango cha chini ni C+. Fomu ina nafasi 1a, 1b, 1c, kisha 2, 3 na 4. Mfumo hukuangalia kwa mpangilio huo. Ukikosa ya kwanza unatazamwa ya pili, na kuendelea. Ukizikosa zote, unasubiri raundi inayofuata na kuchagua katika yaliyobaki.

Wengi wanajua gredi ya jumla na wanaishia hapo. Kinachopanga foleni hasa ni pointi za klasta. Kila kozi ina klasta yake, yaani masomo manne yanayohusiana nayo. Kanuni iliyotumika kwa miaka mingi huchanganya mambo mawili: alama zako za masomo yale manne, ambayo kwa jumla hayazidi pointi 48, na alama zako za masomo saba, ambayo hayazidi 84. Kila moja hugawanywa kwa kiwango chake cha juu, majibu mawili yanazidishwa, unatafuta kipeo cha pili, kisha unazidisha kwa 48.

Inaonekana ngumu, lakini chukua mfano. Tuseme msichana wa Rhonda amepata B katika Biolojia, C+ katika Kemia, B+ katika Jiografia, B- katika Kiingereza, B katika Kiswahili, C+ katika Historia na C- katika Hisabati. Jumla yake ni pointi 55, gredi ya B-. Akiomba kozi ambayo klasta yake inakubali Biolojia, Kemia, Jiografia na Kiswahili, masomo manne yanampa 35, na klasta yake inakuwa kama 33.2. Akiomba kozi ambayo badala ya Jiografia inadai Hisabati, masomo manne yanashuka hadi 30, na klasta inakuwa kama 30.7. Mtoto yule yule, B- ile ile, tofauti ya pointi mbili na nusu. Katika kozi zinazogombaniwa, pointi mbili na nusu ni mamia ya watu mbele yako.

Tena kabla ya klasta kuna mlango mwingine. Kozi nyingi huweka kiwango cha chini cha somo moja moja. Uhandisi unataka C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia. Sheria inataka B katika Kiingereza au Kiswahili. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari anahitaji C+ katika masomo mawili atakayofundisha. C- ya Hisabati ya yule msichana imeshafunga milango kadhaa, na hakuna gredi ya jumla itakayoifungua. Afadhali ajue hilo nyumbani, na kalamu mkononi, kuliko kupoteza nafasi mbili kati ya sita kwa kozi ambazo mtandao utamkatalia au foleni itamtema.

Kisha kuna zile pointi za mwisho za mwaka uliopita ambazo KUCCPS huzionyesha kwenye kila kozi. Watu huzisoma kama sheria, na sivyo. Hiyo ni alama ya mwanafunzi wa mwisho aliyeingia mwaka ule, basi. Mwaka huu wakiomba wengi wenye alama kubwa itapanda, wakipungua itashuka. Ndiyo maana orodha ya watu wenye busara haiwi na kozi sita za ukubwa mmoja. Weka moja au mbili zilizo juu kidogo ya pointi zako, ambazo ukizipata utashukuru. Weka tatu ambazo pointi zako zinalingana nazo. Na weka angalau moja ambayo uko juu yake waziwazi, ila iwe ni kozi ambayo kweli ungeenda kuisoma. Hili la mwisho hupuuzwa sana. Vijana hujaza nafasi ya nne kwa jina lolote ili fomu ijae, kisha barua inakuja na jina lile lile.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hakuna mtandao unaolipigia hesabu: mtoto ataishi wapi, na nani, na vipi.

Kwa mtu wa Rhonda, Egerton ndiyo chuo cha nyumbani. Kilianza 1939 kama shule ya kilimo ya Lord Egerton, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987, na bado jina lake kubwa ni kilimo. Njoro iko umbali wa matatu moja au mbili kutoka Rhonda. Upande wa pili wa jiji, kwenye barabara ya kwenda Eldama Ravine, kuna Kabarak, chuo cha binafsi cha Kikristo kilichoanzishwa na Rais Moi. Kwa hiyo mzazi anasema, na ana haki ya kusema: mwanangu atalala hapa, atakula hapa, nitaokoa pesa ya chumba.

Hesabu hiyo ina kasoro. Nyumba nyingi za Rhonda ni chumba kimoja cha kupanga, ndani yake kuna watu wanne au watano, redio ya jirani inasikika kama iko kwako, na usiku wa kusoma unaisha mdogo mtu anapotaka taa izimwe. Msichana anayelala nyumbani pia haachi kuwa binti wa nyumbani. Maji yatachotwa na yeye, watoto watapikiwa na yeye, na mama akienda sokoni kibanda cha mboga kitakaliwa na yeye. Hakuna anayemwonea. Ndivyo familia zinavyoishi. Lakini mhadhara wa saa moja asubuhi Njoro haujui hayo, na nauli ya kila siku kwa muhula mzima ukiijumlisha, wakati mwingine inakaribia kodi ya kitanda katika chumba cha watu watatu karibu na lango la chuo. Mzazi aipige hesabu hiyo kwa karatasi kabla ya kusema karibu ni rahisi.

Upande wa pili kuna Kilifi. Kutoka Nakuru hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 600, na Kilifi ni mbele zaidi. Daraja la kawaida la treni ya SGR kutoka Nairobi ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na kabla yake kuna matatu ya kufika Nairobi na baada yake gari la Kilifi. Mwanafunzi wa hali hiyo atakwenda nyumbani mara moja au mbili kwa mwaka, si kila likizo. Ugonjwa ukimpata, hakuna shangazi wa kumkimbilia. Basi kwa nini aje? Kwa sababu Pwani inafundisha baiolojia ya bahari na uvuvi mahali ambapo bahari ipo. Kwa sababu hiyo hiyo kijana anayetaka uhandisi wa migodi hutazama Chuo Kikuu cha Taita Taveta pale Voi, na mtoto wa Kwale anayependa kilimo cha nyanda za juu huenda Njoro akakutane na baridi ambayo hakuna aliyemwambia. (Mzazi wa Pwani, nunua sweta mbili. Moja haitoshi.)

Kipimo changu ni hiki: umbali ulipiwe na kozi. Kama kozi yenyewe ipo karibu na nyumbani, kwa ubora ule ule, basi sababu ya kwenda mbali iwe nyingine na itajwe wazi. Sababu zipo, tena nyingine ni nzuri. Kuna mtoto anayehitaji kutoka mtaani ili aache kundi fulani. Kuna msichana ambaye nyumbani wanamharakishia mume. Kuna anayetaka tu kuona nchi, na hilo nalo si dhambi akiwa na miaka 19.

Kuna pia sababu za woga, na tusizicheke. Wazazi wa Nakuru walioona Januari 2008 hawajasahau. Ukiwatajia kaunti fulani, wanauliza kwanza jina la ukoo wetu litapokelewaje kule. Wazazi wa Kiislamu wa Pwani huuliza kama kuna msikiti karibu na bweni na kama binti atavaa hijabu yake bila maneno. Maswali haya hayajibiwi na brosha. Yanajibiwa na wanafunzi walioko huko sasa. Karibu kila chuo cha umma kina vyama vya wanafunzi wa kaunti na vya dini, na simu moja kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili ina faida kuliko tovuti nzima. Muulize: unalala wapi na unalipa ngapi? Maji yapo? Unarudi saa ngapi usiku kutoka maktaba, na njia ni ya namna gani? Kozi yako imekatizwa mara ngapi? Hili la mwisho si utani, maana kati ya Septemba na Novemba 2025 mgomo wa wahadhiri ulisimamisha masomo katika vyuo vikuu vya umma kwa wiki kadhaa, na aliyepangisha chumba aliendelea kulipa.

Pesa, basi. Mwaka 2023 serikali ilileta mfumo mpya wa ufadhili unaomgawia kila mwanafunzi msaada na mkopo kulingana na uwezo wa nyumba yake. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha Katiba, na kesi ikapanda Mahakama ya Rufani. Kwa mtu anayejaza fomu, la kushika ni kwamba bei ya kozi si ile uliyoambiwa na binamu yako aliyesoma 2019. Kozi moja hutofautiana na nyingine kwa maelfu mengi, na chini ya mfumo huo wa 2023 aliyepangiwa chuo cha binafsi hupata mkopo wa HELB bila ule msaada wa serikali usiorudishwa. Kabla ya kuweka chuo cha binafsi katika nafasi ya kwanza, tafuta karo yake ya mwaka mzima, toa mkopo unaoweza kupewa, na mwulize anayekulipia kama salio lile analiweza mara nne.

Ukaguzi mwingine ni wa dakika tano na huokoa miaka. Uhandisi, sheria, uuguzi na udaktari zina bodi zake za kitaaluma, na shahada isiyotambuliwa na bodi husika humfanya mhitimu asiweze kusajiliwa kazini. Bodi ya wahandisi, baraza la mafunzo ya sheria na baraza la wauguzi huchapisha orodha za vyuo na kozi zilizoidhinishwa. Soma orodha hizo kabla ya kutuma.

Na yule aliyepata C au C-? Rhonda na Likoni kote, nyumba nyingi humlilia kama aliyefiwa. Diploma huanzia C-, na kupitia mtandao ule ule wa KUCCPS anaweza kuomba Rift Valley National Polytechnic pale pale Nakuru, au Kenya Coast National Polytechnic hapa Mombasa. Fundi umeme mwenye diploma akitaka shahada baadaye, njia ipo. Mwenye C+ pia aitazame njia hii asione aibu, hasa kama shahada pekee anayoweza kupata ni ile asiyoitaka.

Barua ikija na jina usilolipenda, KUCCPS hufungua dirisha la uhamisho kati ya vyuo na kati ya kozi. Hufunguliwa kwa muda mfupi, na unakubaliwa tu kama pointi zako zinafikia za kozi unayoihamia na nafasi ipo. Ile karatasi uliyopigia hesabu za klasta usiitupe. Piga picha matokeo na barua, andika nywila ya akaunti yako mwenyewe, na usimwachie mwenye saiba, kwa sababu dirisha likifunguliwa huenda saiba yake imehama au simu yake imezimwa.