FULU NDANI YA KIOO: KUFUGA SAMAKI WETU WADOGO NYUMBANI

Mtu akitaja samaki wa mapambo, wengi wetu huwaza wale wa rangi ya dhahabu wanaouzwa mjini, ambao asili yao ni Uchina. Ni nani humwaza fulu? Fulu ni yule samaki mdogo wa Ziwa Victoria, mwingi wao hazidi urefu wa kiganja, ambaye wavuvi humtundika kwenye ndoana ili wamnase mbuta. Chambo tu! Lakini hebu mtazame fulu dume wakati wa kuzaa, ndani ya maji maangavu. Kuna wenye ubavu mwekundu kama makaa, kuna wa samawati, kuna wa manjano. Huko ziwani maji ni ya tope na hatuwaoni.

Tena fulu si samaki mmoja. Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500. Mbuta aliletwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kishindo chake kilisikika miaka ya 1980, alipoongezeka ghafla na kuwameza fulu wa kila namna, huku uchafu wa maji nao ukichangia. Aina nyingi hazijaonekana tena. Baadhi ya waliosalia walijificha katika maziwa madogo ya kando kama Kanyaboli kule Siaya, ambako kinamasi cha mafunjo kimewatenga na ziwa kuu. Wengine, amini usiamini, wamefugwa katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Naam, mtoto wa kule humtazama fulu kupitia kioo, ilhali sisi wenye ziwa hatumjui ila akiwa kwenye ndoana.

Basi tuanze kazi. Kwa fulu, tangi dogo halifai kitu, kwa kuwa dume ni mkali na huwafukuza wenziwe siku kutwa. Mwendee fundi wa vioo akukatie tangi lenye urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 40. Piga hesabu: hizo ni lita 144, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ongeza mawe na kioo chenyewe, umepita magunia matatu ya simiti. Kwa hivyo usiliweke juu ya kile kimeza cha redio! Tafuta meza imara, mbali na dirisha la jua kali, la sivyo maji yatageuka kijani kwa mwani. Gundi ya silikoni ikishapakwa, ngoja mpaka ile harufu kama ya siki iishe kabisa, kisha lijaze maji nje ya nyumba kwa siku nzima uone kama linavuja. Usilioshe kwa sabuni hata kidogo. Chini tandaza mchanga wa mto uliosuuzwa mpaka maji yatoke safi, halafu panga mawe na vipande vya vyungu ili wanyonge wapate pa kujificha.

Sasa tufike penye siri yenyewe, nayo ni maji. Wengi hujaza tangi asubuhi, jioni wakatia samaki, na wiki haijaisha samaki wanaelea tumbo juu. Watu husema samaki walirogwa, au hawakupenda kufungwa. La hasha! Kwanza kuna klorini ya maji ya mfereji. Hiyo ni rahisi: acha maji katika ndoo wazi siku moja au mbili, itatoweka yenyewe. Adui wa pili haonekani. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yakioza huongeza amonia hiyo hiyo. Ziwani inapotea katika maji mengi. Tangini inabaki hapo hapo, na ni sumu.

Anayetuokoa ni bakteria. Kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitriti, ambayo bado ni sumu kwani huzuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kisha wengine huigeuza naitriti kuwa naitreti, na hiyo haina madhara makubwa isipolimbikizana; mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hawa hukaa kwenye mchanga, kwenye mawe na zaidi kwenye sponji ya kichujio. Lakini hawaji kwa siku moja. Huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka wakatosha. Kwa hivyo jaza tangi, washa kichujio, tia chembe kidogo za chakula kila siku zioze humo, ungoje. Jirani atakucheka kwamba unalisha maji. Mwache acheke. Ukiweza kupata sponji chafu kutoka kwa tangi la mtu mwingine lenye samaki wazima, ikamulie humo, utapunguza muda huo. Na siku ya kusafisha sponji, isuuze katika maji uliyoyatoa tangini. Ukitumia maji ya mfereji, klorini itawaua bakteria wako wote.

Stima ikipotea, kichujio husimama, nasi tunajua stima zetu. Dawa ni kutojaza samaki kama abiria wa matatu. Kwa tangi hili, fulu sita hadi wanane wanatosha: dume mmoja na majike waliobaki.

Kuwapata si kazi, ila jihadharini. Usiingie ziwani miguu mitupu kutafuta samaki, kwa sababu kichocho kipo, na konokono wa majini ndio wanaokibeba. Afadhali kwanza uulize katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu kuhusu ruhusa, kisha uwaombe wavuvi wakuuzie fulu wazima kabla hawajawa chambo. Wabebe katika ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017. Mimea ya ziwani nayo huja na konokono, basi ikague jani kwa jani. Ukifika nyumbani usiwamwage tangini kwa pupa. Ongeza maji ya tangi ndani ya ndoo kikombe baada ya kikombe kwa muda wa saa moja, kisha wavue kwa wavu na kuwahamisha, maji ya ziwa ubaki nayo nje. Anza na wawili, wengine wafuate baada ya wiki mbili. Kisumu hutahitaji kipasha maji, lakini Nairobi au Limuru mwezi wa Julai utakihitaji, maana hawa wamezoea nyuzi 24 hadi 27.

Chagua aina moja tu ya fulu. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi, na maji yanapochafuka hushindwa kuzitofautisha, aina zikachanganyika. Ukichanganya aina mbili, watoto watakaozaliwa hutajua ni wa nani.

Chakula si tatizo: omena waliosagwa, viluwiluwi vya mbu, na kipande cha sukuma wiki kilichochemshwa. Toa kile wanachomaliza kwa dakika mbili, basi. Kila wiki badilisha robo ya maji, ukiyavuta kwa mpira uliojazwa maji kwanza, si kwa kunyonya na mdomo.

Siku moja utaona jike hali, na koo lake limevimba. Usimpe dawa. Ana mayai mdomoni! Mapezi ya nyuma ya dume, upande wa chini, yana madoa yanayofanana na mayai. Jike anapojaribu kuyaokota huvuta mbegu za dume, na mayai yaliyomo mdomoni yakarutubishwa hapo hapo. Atayalea humo kwa takribani majuma mawili au matatu bila kula vizuri. Mhamishe taratibu hadi tangi dogo lenye maji yale yale, kwa maana wenzake huwameza watoto punde wanapotoka. Akiwaachilia, tikisa kidole juu ya kioo uone: watoto wote watakimbilia mdomoni mwa mama, naye atawafungia ndani.

Walishe unga wa omena uliochekechwa kwa kitambaa, mara tatu kwa siku, kidogo kidogo. Wakizidi tangi, wape wanafunzi wenzako au maabara ya biolojia. Usiwamwage mtoni wala bwawani, hata ukidhani unawapa uhuru. Mbuta naye aliingia ziwani kwa mkono wa mtu.