Kufundisha Uwiano kwa Gia: Kutoka Baiskeli hadi Difu ya Gari

Katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, mada ya uwiano ni miongoni mwa zile ambazo mwanafunzi huweza kuzijibu bila kuzielewa. Huandika 48:20 kwa mwandiko mzuri, hurahisisha ikawa 12:5, akapewa alama ya vema. Lakini aulizwapo nambari hizo zina kazi gani, hunyamaza. Hasara yake si ya mtihani peke yake. Mtoto huyo ndiye atakayechanganya dawa ya pamba na maji, ndiye atakayepima saruji na mchanga wa msingi wa nyumba yake. Akikosea uwiano wa dawa, ama wadudu watasalia ama mmea utaungua. Hatuna budi, basi, kutafuta njia ya kumfanya auone uwiano kwa macho na kuusikia kwa misuli ya miguu yake.

Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alionya dhidi ya elimu inayomtenga mtoto na maisha ya jamii yake. Onyo hilo linatuhusu hata katika Hisabati. Kwa mwalimu atakayepangiwa shule ya Ibadakuli au penginepo katika nchi ya Shinyanga, zana bora ya mada hii haihitaji kununuliwa: imeegemezwa ukutani nje ya darasa. Ni baiskeli.

Baiskeli na nambari zake

Baiskeli ya kawaida ina magurudumu mawili ya meno yaliyounganishwa kwa mnyororo. La mbele limeshikamana na pedeli; la nyuma, yaani friwili, limeshikamana na tairi. Kila jino la mbele linapovuta kiungo kimoja cha mnyororo, jino moja la nyuma husogezwa. Kwa hiyo, ikiwa mbele kuna meno 48 na nyuma 20, pedeli ikizunguka mara 1, tairi la nyuma litazunguka mara 48 ÷ 20, yaani mara 2.4. Huo ndio uwiano, na mtoto anaweza kuuhesabu kwa kuweka alama ya chaki kwenye tairi.

Mzingo wa tairi la inchi 28 ni takriban mita 2.2. Basi kwa mzunguko mmoja wa pedeli baiskeli hiyo husonga 2.4 × 2.2, yaani mita 5.28. Kilometa 1 itahitaji mizunguko ya pedeli ipatayo 189.

Tuseme sasa kwamba mwenye baiskeli ana kazi ya kubeba madumu ya maji au gunia la mkaa, na fundi amembadilishia magurudumu ya meno yakawa 44 mbele na 22 nyuma. Uwiano umekuwa 2. Kila mzunguko wa pedeli utampeleka mita 4.4, na kilometa 1 itamtaka mizunguko 227. Amepoteza sehemu moja ya sita ya mwendo kwa kila mzunguko. Amepata nini? Mguu wake unasukuma kwa nguvu iliyopungua sehemu hiyo hiyo moja ya sita, ingawa mzigo ni ule ule. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: gia haiumbi nguvu, hubadilishana tu nguvu kwa mwendo. Mwanafunzi akilishika neno hili, amekwisha kuupata moyo wa somo.

Kosa la kutoa badala ya kugawanya

Hapa tunafika mahali ambapo walimu wanafunzi hawana budi kuwa macho. Watoto wengi, waulizwapo kulinganisha jozi mbili za nambari, hutoa. Huona 48 na 20, husema, “Mbele kumezidi kwa 28,” wakaishia hapo. Wazo hilo si uvivu; ndilo wazo la kwanza la mtoto aliyezoea kuhesabu mbuzi. Hisabati ya uwiano huanza pale anapoliacha. Kumwambia tu kwamba amekosa hakutoshi, maana kesho atalirudia. Yafaa apewe mfano ambao wazo lake lenyewe litashindwa mbele ya macho yake.

Mfano wenyewe ni huu. Baiskeli ya kwanza ina meno 48 na 20. Ya pili ina meno 46 na 18. Tofauti ya kila moja ni 28. Mtoto anayetoa atashikilia kwamba baiskeli hizi ni sawa. Waache wanafunzi waandike utabiri wao, kisha wahesabu. Ya pili ina uwiano wa 46 ÷ 18, karibu 2.56, na husonga mita 5.62 kwa mzunguko, kumbe ya kwanza ilisonga mita 5.28. Katika safari ya kilometa 10, mwenye baiskeli ya pili atazungusha pedeli kiasi cha mara 115 pungufu ya mwenzake. Lakini kila mara atasukuma kwa nguvu zaidi.

Baada ya hapo mwalimu ageuze swali. Baiskeli moja ina meno 44 na 22, nyingine 36 na 18. Tofauti ni 22 na 18, hazilingani. Lakini uwiano wa zote mbili ni 2, na mwendo wa mzunguko mmoja ni ule ule ikiwa tairi ni sawa. Mifano hii miwili ikifuatana, mtoto hujionea mwenyewe kwamba kutoa hakujibu swali lililoulizwa.

Gari: giaboksi na difu

Darasa likishaelewa baiskeli, mwalimu anaweza kupanda ngazi moja. Watoto wa ukanda huu, kutoka Shinyanga hadi machimbo ya dhahabu ya Geita, wameyaona magari yakijikokota katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika. Wamesikia injini ikinguruma kwa kasi huku gari likienda polepole. Swali zuri la kuwauliza ni hili: mbona injini inakimbia na gari halikimbii?

Yafaa mwalimu aeleze kwanza jambo ambalo huwachanganya hata watu wazima. Katika baiskeli tulihesabu tairi linazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Katika gari mafundi huhesabu kinyume chake: injini inazunguka mara ngapi ili tairi lizunguke mara moja. Kwa hiyo katika baiskeli nambari kubwa ni ya mbio, na katika gari nambari kubwa ni ya nguvu. Mwalimu asiyetaja jambo hili atawapoteza wanafunzi wake mlangoni.

Tuchukue Land Rover ya aina ya Series III, iliyoundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Giaboksi yake ina gia nne za kwenda mbele: ya kwanza 3.68, ya pili 2.22, ya tatu 1.50, ya nne 1.00. Nyuma ya giaboksi hiyo ipo nyingine ndogo yenye hatua mbili, ya juu 1.15 na ya chini 2.35. Mwisho ipo difu, ambamo gia ndogo ya meno 10 huzungusha gia kubwa ya meno 47. Uwiano wake ni 4.7. Nguvu ya injini hupita katika vituo vyote vitatu kabla ya kufika kwenye tairi.

Je, nambari za vituo hivyo tuzijumlishe au tuzizidishe? Kila kituo hupunguza mzunguko uliokwisha kupunguzwa na kituo kilichotangulia. Kwa hiyo huzidishwa. Katika gia ya nne na hatua ya juu, jumla ya upunguzaji ni 1.00 × 1.15 × 4.7, yaani 5.4. Katika gia ya kwanza na hatua ya chini ni 3.68 × 2.35 × 4.7, yaani 40.6. Tukichukua mzingo wa tairi kuwa mita 2.4, na injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, gari litakwenda kilometa 53 hivi kwa saa katika hali ya kwanza, na kilometa 7 tu katika hali ya pili. Injini ni ile ile na kelele ni ile ile. Lakini katika hali ya pili tairi hupokea nguvu ya kuzungusha iliyoongezeka mara saba na nusu. Ndiyo maana gari hutoka topeni.

Kuchagua jozi ya giaboksi na difu

Kuhesabu uwiano ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni kuchagua. Mfano mwema watoka Marekani. Katika miaka ya 1960 viwanda vya huko vilitia injini kubwa katika magari ya umbo la wastani, na watu wakayaita kwa jina lenye maana ya magari ya misuli. Pontiac GTO ya 1964 hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyofungua njia. Mnunuzi aliweza kuchagua giaboksi na difu, na hata leo wanaoyatunza magari hayo huulizana jozi ipi inafaa.

Giaboksi moja mashuhuri ya General Motors, iliyojulikana kwa jina la Muncie, ilikuwapo ya aina zaidi ya moja. Aina moja ilikuwa na gia ya kwanza ya 2.52, nyingine ya 2.20, gia ya nne ya zote mbili ni 1.00. Tuseme mtu mmoja ameifunga ile ya 2.52 pamoja na difu ya 3.08, na mwenzake ameifunga ile ya 2.20 pamoja na difu ya 3.55. Nani ataondoka kwa nguvu zaidi? Anayetazama difu peke yake atamtaja wa pili. Lakini 2.52 × 3.08 ni 7.76, na 2.20 × 3.55 ni 7.81. Katika kuondoka, watu hawa wawili karibu wako sawa.

Tofauti yao huonekana katika gia ya nne. Wa kwanza amebaki na 3.08, wa pili na 3.55. Kwa tairi la mzingo wa mita 2.1 na mwendo wa kilometa 100 kwa saa, injini ya wa kwanza huzunguka kiasi cha mara 2,440 kwa dakika, ya wa pili mara 2,820. Wa kwanza atasafiri kwa utulivu. Wa pili atakuwa na nguvu ya kupita gari jingine bila kushusha gia, tena gia zake zinakaribiana zaidi, lakini injini yake haitulii. Hakuna aliyekosea, ikiwa kila mmoja amejua safari yake. Asiyejua safari yake ndiye aliyekosea kabla ya kufika kwa fundi.

Wala ukubwa wa injini haumalizi maneno. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ya 1964, kampuni ya Ford ilileta kundi la Mercury Comet, magari makubwa ya Kimarekani. Lakini ushindi ulikwenda kwa Ford Cortina GT, gari dogo, likiendeshwa na Peter Hughes.

Mpango wa vipindi

Tunapendekeza vipindi viwili vya dakika 40. Katika kipindi cha kwanza, baiskeli igeuzwe juu chini uwanjani. Mwanafunzi mmoja azungushe pedeli polepole, mwingine ahesabu mizunguko ya tairi kwa alama ya chaki, wengine waandike. Meno yahesabiwe mnyororo ukiwa umesimama kabisa, na mwalimu asiruhusu kidole chochote kukaribia mnyororo unaozunguka. Zamu ziwafikie wasichana sawasawa na wavulana, na watoto ambao kwao hakuna baiskeli watangulizwe, maana ndio wenye haja kubwa ya kugusa.

Katika kipindi cha pili wanafunzi watabiri, wahesabu na walinganishe jozi 48 na 20, 46 na 18, kisha 44 na 22, 36 na 18. Mfano wa Land Rover uwe wa wale waliokwisha kumudu desimali, wengine wasilazimishwe.

Tathmini isiishie kwenye kurahisisha nambari. Swali liwe la namna hii: “Masanja hubeba magunia ya mkaa, Kabula husafiri mbali bila mzigo. Zipo baiskeli mbili, moja ya uwiano wa 2 na nyingine ya 2.56. Mpe kila mmoja baiskeli yake, na ueleze sababu.” Mwanafunzi atakayeandika nini kila mmoja amepata na nini amepoteza ndiye aliyeelewa. Atakayetaja nambari tupu bado anahitaji kurudishwa uwanjani, kwenye baiskeli na chaki.