Uji wa Mtoto Usiwe Maji

Leo tuiache kidogo bei ya kabichi, tuzungumze juu ya kibakuli cha mtoto.

Mboga unapakia kwenye lori ziende Dar es Salaam, maharage umeyahifadhi ndani, kuku wanatembea uani. Lakini mtoto wa miezi 8 anapewa uji mweupe wa mahindi, basi. Usidhani kudumaa ni kwa wenye njaa tu. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mkoani Iringa, kunakolimwa chakula kwa wingi, walizidi nusu.

Zamani wengi tulifundishwa kuanza kumlisha mtoto akiwa na miezi 4. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Baada ya hapo anakula, na anaendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Uji unaufanya mwepesi ili umezeke, sivyo? Tumbo la mtoto huyo ni dogo, kikombe cha robo lita kinalijaza. Ukitia humo vijiko viwili vya unga, nguvu anayopata haifiki nusu ya ile ya maziwa yako ya kiasi hicho hicho. Ameshiba maji! Uji unaofaa ni ule usiomwagika upesi ukiinamisha kijiko.

Akiukataa kwa uzito wake, kuna kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, umwage maji, uufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu mpaka uchipue. Anika ukauke kabisa, pukuta vichipukizi, saga. Pika uji mzito, tia kijiko cha unga huo, koroga. Baada ya dakika chache utalainika wenyewe bila kuongeza maji. Uchemshe tena kidogo, ndipo umpe. Ila jua la Mtae mnalijua, siku nyingine halionekani. Ulezi ukiota kuvu, tupa, usimpe hata kuku.

Uji peke yake hautoshi. Ponda maharage yaliyoiva, toa maganda, changanya. Ponda karoti, mchicha au mnavu. Tia mafuta kidogo. Na yai mpe. Wapo wanaosema mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Wezi tunaowajua sisi, wangapi walilishwa mayai? Miezi 6 mpaka 8 ale mara 2 au 3 kwa siku; kuanzia miezi 9, mara 3 au 4.

Na wewe baba, usizime redio. Mama akishuka shambani alfajiri, mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane na uji uliopikwa asubuhi. Mpaka saa tisa umekwisha kuchacha, na huyo dada hawezi kuwasha moto. Kuni na maji ukivileta wewe, mama atawahi kurudi mchana kupika upya. Lori likija, mayai ya mtoto yasipande.